Mchezo ni wa Nani? Bao, Modi na Haki ya Mchezaji Kubadili Kanuni

Abiria atokaye Mlola, katika wilaya ya Lushoto, akielekea Dar es Salaam, hana budi ateremke milima ya Usambara, na njia iliyo kuu ni ile itokayo Lushoto, ikapita Soni, ikashuka kwa kona nyingi hata Mombo, mwendo wa kilomita 33 hivi. Dereva wa basi katika njia kama hiyo hutazamwa na vijana kwa macho ya heshima, na si ajabu kwamba kazi yake imegeuzwa kuwa mchezo. Mchezo wa simu uitwao Bus Simulator Indonesia, uliotolewa na kampuni ya Maleo ya Indonesia mwaka 2017, humpa mchezaji basi la kuendesha, ama peke yake, ama katika msafara pamoja na wenziwe kwa njia ya intaneti. Barabara zake ni za Indonesia, lakini mabasi si lazima yawe ya huko. Mchezo umeacha mlango wazi ambao kwao mchezaji aweza kuingiza gari alilolichora mwenyewe, na vijana wa Tanzania wameutumia mlango huo barabara. Wamechora mabasi ya kwao, wakayapaka rangi zinazojulikana katika vituo vya mabasi vya Tanzania. Bahati imewasaidia pia, maana Indonesia, sawasawa na Tanzania, magari hupita upande wa kushoto, na kwa hiyo mlango wa abiria haufunguki katikati ya barabara.

Badiliko la namna hii, lifanywalo na mchezaji katika mchezo asioutunga, huitwa modi. Modi yaweza kugusa sura tu ya mchezo, kama rangi ya basi. Yaweza kuongeza nchi nzima ya kuchezea. Tena yaweza kuzigeuza kanuni zenyewe, hata mchezo ukawa mchezo mwingine. Wengi huihesabu kuwa jambo la zama za kompyuta, na mabishano juu ya faida na hasara zake hufanywa kana kwamba wanadamu hawakupata kukutana na swali hili zamani. Walikutana nalo. Watu wa Afrika ya Mashariki wamelijibu kwa karne nyingi, juu ya ubao wenye mashimo.

Bao halina mtunzi anayejulikana, wala halikupata kuwa na mwenyewe. Kitabu cha Mfaransa Étienne de Flacourt juu ya kisiwa cha Bukini, kilichotolewa mwaka 1658, chataja mchezo wa jamii hii. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840, aliutungia mashairi. Lakini kusema “mchezo wa bao” ni kusema neno la jumla mno, kwa kuwa kila nchi ina lake. Bao la Kiswahili lina safu nne za mashimo manane manane na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete sita katika nyumba, mbili mbili katika mashimo mawili yaliyo kando yake, na 22 mkononi, ambazo huziingiza moja moja katika sehemu ya kwanza ya mchezo, yaani kunamua, kabla ya kuingia katika mtaji. Baganda wanao omweso. Mashimo ni yale yale 32 na kete ni zile zile 64, walakini mpangaji hupanga kete zake apendavyo kabla ya kuanza. Hali mpaka mashimo yote mawili ya mpinzani yaliyoelekeana na lake yawe na kete. Na alizokula huanza kuzipanda pale alipoanzia mkono wake. Katika bao la Kiswahili kete zilizoliwa huingia kwa kichwa, na hapo ndipo hesabu yote inapogeuka. Omani wana hawalisi, yenye mashimo saba saba katika kila safu. Mtu akiitazama michezo hii kwa mbali huiona kuwa mmoja. Akikaa kuicheza huona kwamba ufundi wa mmoja haumfai kitu katika mwingine.

Haya yote ni modi. Ubao ulipita kutoka mikono hata mikono, na kila waliopokea walibadili walichoona chafaa. Hata ndani ya nchi moja ya Waswahili yapo mabao mawili: lile la mafundi, na bao la kujifunza, ambalo limeondolewa kunamua na nyumba, kete zikatandazwa mbili mbili katika kila shimo ili mtoto apate pa kuanzia. Kwa upande wa pili mafundi waliongeza ugumu. Kanuni ya kutakatia, ambayo kwayo shimo la mpinzani lililo peke yake katika hatari ya kuliwa huzuiwa lisichezwe katika zamu ifuatayo, isipokuwa kwa masharti maalumu, haiwezi kuwa imetungwa na mtu asiyecheza. Ni kanuni ya mtu aliyechoka kuona windo lake likimponyoka kila mara kwa hila ile ile. Hali kadhalika ile ruhusa ya mchezaji, afikapo katika nyumba yake wakati wa kunamua, kuchagua ama kulala hapo ama kusafiri nayo. Alex de Voogt, aliyeandika tasnifu ya udaktari huko Leiden mwaka 1995 juu ya ubingwa wa bao la Zanzibar, aliona inafaa kuuchunguza mchezo huu kama kipimo cha uwezo wa akili ya mwanadamu. Kina hicho hakikuletwa na kampuni yoyote.

Lakini uhuru huo ulikuwa na mipaka yake, na mipaka hiyo ndiyo kiini cha jambo. Mtu wa Mlola akishuka Tanga mjini akakuta watu barazani wakicheza, haketi akaanza kupanda kete kama alivyozoea kwao. Hana budi aulize, au atazame michezo miwili mitatu, apate kujua wenyeji wanakula vipi na nyumba wanaihesabu vipi. Makubaliano hutangulia kete ya kwanza. Tena wapo watazamaji, na watazamaji wa bao si watu wa kunyamaza. Mchezaji mwenye mkono mwepesi, apandaye kete mbili pahali pa moja, huonwa na jicho la tatu, na aibu humpata papo hapo. Kwa hiyo badiliko lolote la kanuni lilikuwa na mashahidi, na udanganyifu pia.

Hasara yake ilionekana watu walipotaka kushindana mji kwa mji. Palipo na mashindano hapana budi pawe na kanuni moja, na palipo na kanuni moja wako ambao kanuni zao zimeachwa. Wanafunzi wa Kiswahili wanaijua hadithi hii kwa upande mwingine. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa lugha sanifu, na Kamati iliyoundwa mwaka 1930 ikaanza kuichuja lugha. Kiswahili kilipata vitabu vya kusomeka kutoka pwani hata Kongo, ilhali Kimvita, lugha ya huyo huyo Muyaka, kikabaki nje ya mlango. Hapana mtu mwenye akili atakayesema kwamba vitabu havikufaa kitu, wala hapana atakayesema kwamba havikulipiwa.

Sasa tazama yaliyotokea katika kompyuta. Mwaka 1993 kampuni ya id Software ya Marekani ilitoa Doom, mchezo wa kupigana ambao watu hata wanne waliweza kuucheza pamoja kwa kuunganisha kompyuta zao. Watungaji wake waliziweka ramani na picha katika mafaili yaliyojitenga na programu yenyewe, kwa makusudi kwamba wachezaji waweze kutengeneza za kwao. Wachezaji hawakungoja kuambiwa mara mbili. Miaka sita baadaye wanafunzi wawili wa vyuo vikuu, Minh Le wa Canada na Jess Cliffe wa Marekani, walichukua Half-Life, mchezo uliotolewa na kampuni ya Valve mwaka 1998, wakauvika kanuni mpya za vikosi viwili vinavyopigana, wakauita Counter-Strike. Modi yao ilipendwa mno hata Valve ikainunua, ikawachukua na wao wenyewe, ikaitoa kama mchezo kamili mwaka 2000.

Mfano wa pili una mafunzo zaidi. Warcraft III ya kampuni ya Blizzard, iliyotoka mwaka 2002, ilikuja pamoja na chombo cha kutengenezea ramani. Mchezaji ajiitaye Eul alitengeneza mwaka 2003 ramani iitwayo DotA, akifuata wazo lililokwisha kuonekana katika ramani ya mchezaji mwingine ndani ya mchezo wa StarCraft. Eul akaiacha, akaipokea mwingine, Guinsoo, naye akamwachia wa tatu, ajiitaye IceFrog, ambaye jina lake la kweli hakupenda kulitangaza. Kila mmoja aliongeza mashujaa, akapunguza nguvu zilizozidi, akasikiliza malalamiko ya wachezaji, akarekebisha tena. Msomaji atatambua kwamba hii ndiyo njia ya bao hasa, isipokuwa kwamba kazi ambayo kwa kete ilichukua vizazi, kwa DotA ilichukua miaka michache. Humo mlizaliwa aina nzima ya michezo: League of Legends ya mwaka 2009 na Dota 2 ya mwaka 2013 ni wana wa ramani hiyo. Hata PUBG, mchezo ulioingia katika simu mwaka 2018 na kupata wachezaji wengi Afrika ya Mashariki, asili yake ni modi. Brendan Greene wa Ireland alianza kuijenga kanuni ya “abakiye mmoja ndiye mshindi” juu ya modi ya mtu mwingine, DayZ ya Dean Hall, iliyotoka mwaka 2012. Kijana achezaye PUBG kwa simu hachezi wazo lililoanzia katika ofisi ya kampuni. Anacheza modi iliyopanda cheo.

Faida basi haina haja ya kutetewa sana. Kampuni hutunga mchezo kwa hofu ya hasara, na kwa hiyo hurudia yaliyokwisha kuuzwa, bali mchezaji hutunga kwa kuchoka na kwa kupenda, na hana cha kupoteza ila usingizi. Tena modi huyapa makao mambo ambayo kampuni haitayaona kamwe. Hakuna mfanya biashara wa Jakarta wala wa California aliyeketi akafikiri kwamba basi la Tanzania lastahili kuchorwa. Aliyeliona ni mtu aliyelipanda.

Hasara zataka kuangaliwa kwa makini zaidi, kwa kuwa si zote zitokazo katika modi zenyewe. Iko hasara ya kutengana. Katika Minecraft, mtu akitaka kuingia katika seva iliyoongezewa vitu vipya, aghalabu sharti naye awe na modi zile zile, za toleo lile lile. Ikipungua moja, mlango haufunguki. Palipokuwa na mchezo mmoja panakuwa na vijiji elfu visivyosalimiana. Hili ni lile lile la bao na omweso, na dawa yake ni ile ile ya kuuliza kwanza, ila kuuliza kwenyewe hufanywa na mashine, na mashine haina subira ya kumfundisha mgeni.

Iko na hasara ya sumu. Mwezi wa Juni mwaka 2023 iligunduliwa kwamba baadhi ya modi za Minecraft, zilizokuwa zikichukuliwa mahali palipoaminiwa na watu wote, zilikuwa zimetiwa programu ya kuiba maneno ya siri, ikaitwa fractureiser. Kwa vijana wapeanao mafaili kutoka simu hata simu ili waokoe bando la intaneti, hatari ni kubwa zaidi, maana faili likiisha kupita mikono mitano hakuna ajuaye lilikotoka.

Kubwa kuliko zote ni udanganyifu. Programu imwezeshayo mchezaji kumwona adui nyuma ya ukuta, au ilengayo bunduki kwa niaba yake, imefanyika kwa ufundi ule ule ufanyao modi njema: mtu ameingia ndani ya mchezo akabadili kitu. Tofauti yake ni moja tu, kwamba wapinzani hawakukubali wala hawakuarifiwa. Na hapa ndipo intaneti ilipoacha njia ya baraza. Barazani mkono unaonekana. Katika mtandao mkono uko nyumba nyingine, mji mwingine, na kinachoonekana ni matokeo yake. Kampuni zilipokosa jicho la tatu zilijenga programu za ulinzi zinazochungulia kompyuta ya mchezaji, na nyingi zikaona heri kufunga mlango wote: hakuna kubadili chochote, si chema wala kiovu. Seva nazo, ambazo zamani wachezaji waliziendesha wenyewe, zikarudishwa mikononi mwa kampuni. Kufuli aliyowekewa mwizi imemfungia na fundi nje. Wala si hilo tu. Mchezo ambao seva zake ni za kampuni peke yake hufa siku kampuni itakapozizima, ilhali Counter-Strike ya zamani ingali ikichezwa, kwa kuwa kila mwenye kompyuta na hamu aliweza kuwa mwenyeji wa wenziwe.

Kwa hiyo wasemao kwamba modi huharibu michezo ya pamoja wamekosea mahali pa kulaumu. Kilichokosekana ni makubaliano mbele ya mashahidi, na makubaliano hayo yaweza kujengwa. Seva inayotangaza kanuni zake mlangoni, yenye wasimamizi wanaojulikana, imekwisha kuwa baraza ya namna yake. Kazi ni ngumu, na wasimamizi wengi hawalipwi hata senti, lakini imefanyika tena na tena.

Limebaki swali la mali, na juu ya hili bao halina la kumfundisha mtu, kwa sababu bao halikupata kuuzwa. DotA ilipokuwa kubwa, Blizzard na Valve walishtakiana juu ya jina lake, wakapatana mwaka 2012. Jina walilogombania lilikuwa limetungwa na mchezaji. Mwaka 2020 Blizzard ilipotoa upya Warcraft III iliandika katika masharti yake kwamba kila ramani itakayotengenezwa na wachezaji ni mali ya kampuni. Funzo walilolipata katika DotA ndilo hilo. Rockstar, wenye mchezo wa Grand Theft Auto, waliwafungia baadhi ya waundaji wa modi ya FiveM mwaka 2015 kana kwamba ni wezi. Mwaka 2023 waliinunua timu hiyo hiyo. Mtu yule yule, kwa kazi ile ile, alikuwa mhalifu kisha akawa mwajiriwa, na kati ya hukumu hizo mbili hakuna kilichobadilika ila hesabu ya wachezaji waliomfuata.

Kwa wachoraji wa mabasi wa Tanzania jambo hili lina uzito, ijapokuwa fedha zake ni ndogo. Kuchora gari moja kwa uaminifu, taa, viti, vioo na mlio wa injini, ni kazi ya siku nyingi, na wako wanaouza faili kwa bei ya chini, na wako wanaotoa bure ili jina lijulikane. Faili huliwa jina lake kwa urahisi. Aliyelipokea jana hufuta alama ya mchoraji, akalitoa leo kama lake. Mchoraji naye hana mikono mitupu kabisa ya lawama, kwa kuwa rangi na jina alivyoviweka ubavuni mwa basi ni mali ya mwenye basi, na si kila mara aliomba ruhusa. Halafu yuko mwenye mchezo, ambaye akibadili toleo moja tu aweza kuyafanya mafaili ya miaka mitatu yasifunguke tena.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania, Namba 7 ya mwaka 1999, inazitaja programu za kompyuta miongoni mwa kazi zinazolindwa, na inamtambua pia mtu aliyetengeneza kazi juu ya kazi ya mwingine, pasipo kuondoa haki ya huyo wa kwanza. Kwa maneno hayo mchoraji wa basi anayo haki katika mchoro wake. Lakini kabla ya kuingia katika mchezo alibonyeza kitufe cha kukubali masharti, yaliyoandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiindonesia, kurasa kadha wa kadha, na ndani ya kurasa hizo ndimo lilimoandikwa jibu la nani mwenye kazi yake. Hayajafasiriwa kwa Kiswahili.